Vijana wa Beni za Skuli Wafundishwe Kusikiliza

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kama ilivyo huku Visiwani, ni nadra kufanyika sherehe ya taifa, mapokezi ya Mwenge wa Uhuru au ziara ya kiongozi bila ya kuonekana mstari wa watoto wa skuli waliovaa sare, wenye tarumbeta, filimbi na ngoma, wakisimama juani kumngoja mgeni. Wananchi huwapigia makofi. Mgeni akishapita, watoto hurudishwa madarasani na ala zikafungiwa ghalani hadi sherehe nyingine. Tumeyazoea mambo haya mno hata hatuyafikirii tena. Leo tunapenda kuyazungumzia, kwani tunaamini kwamba vijana hao wananyimwa haki moja isiyohitaji fedha nyingi kuitimiza, nayo ni haki ya kusikia.

Miaka michache iliyopita, tukiwa katika kazi za Chama mkoani Mbeya, tulikuwa miongoni mwa wageni waliopokewa na beni ya skuli moja. Mgeni rasmi alichelewa. Kwa muda wa saa nzima na zaidi beni ile ilipiga nyimbo tatu, Wimbo wa Taifa ukiwa nje ya hesabu hiyo, ikazirudia na kuzirudia kama santuri iliyokwaruzwa. Wakati wa chai tulimwita kijana mmoja wa tarumbeta, mwenye umri wa miaka 14 hivi. Alitupa shikamoo, nasi tukamuuliza ni mpiga tarumbeta gani anayempenda zaidi. Akatutazama kwa mshangao, kisha akajibu kwa adabu: "Mzee, mimi sijamsikia mwingine isipokuwa mwalimu." Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa karibu, alicheka kidogo kwa haya, akatueleza kwamba naye alifundishwa na askari mmoja mstaafu, na kwamba skuli haina hata kanda moja ya muziki wa beni.

Jawabu lile limetukaa moyoni. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kupelekwa skuli ya Serikali tunaijua thamani ya sikio. Maalimu hakumkabidhi mtoto ukurasa akamwacha nao. Alisoma yeye, sisi tukanyamaza, akarudia, tukamfuata, na aliyekosea matamshi alirudishwa kusikiliza kabla ya kurudishwa kusoma. Zilipoingia kanda za Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad wa Misri, ilikuwapo nyumba mtaani kwetu ambamo vijana walikusanyika baada ya Alasiri kuzisikiliza, na waliohudhuria pale walijulikana kwa usomaji wao. Hatusemi kwamba kisomo cha Kurani ni muziki, Mwenyezi Mungu atuepushe na kauli hiyo. Tunazungumza juu ya sikio tu. Mtu hawezi kutoa sauti ambayo masikio yake hayajapata kuionja.

Basi wasikilize nini? Na tuanze na kile ambacho kila beni ya skuli inakipiga. Mahadhi ya Wimbo wetu wa Taifa yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa skuli huko Johannesburg, naye alikuwa akiwaimbisha wanafunzi wake. Mwaka 1923 Sol Plaatje, mwandishi na mpigania haki za Waafrika wa Afrika Kusini, aliuimba London ukaingizwa katika santuri. Maana yake ni kwamba wimbo unaopigwa na watoto wa Mbeya na Iringa ulianza katika koo za watoto wenzao wa skuli. Mwanafunzi wa beni na ausikie kwanza unavyoimbwa na kwaya nzuri ya sauti nne, bila ya ala yoyote. Hapo ndipo atakapojua kwa nini tarumbeta ya pili haipigi sawa na ya kwanza, na ni mahali gani panapofaa kuvuta pumzi. Beni nyingi tulizozisikia hukata pumzi katikati ya neno, kwa sababu wapigaji hawayafikirii maneno.

Tarumbeta yenyewe ilifikaje Nyanda za Juu? Habari hii inawahusu sana wasomaji wetu wa Visiwani, ambao huenda wakadhani Mbeya na Iringa ni mbali na mambo yao. Ngoma ya beni ilizaliwa katika mwambao, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, pale watu wa miji walipozitazama beni za kijeshi za wageni, wakazigeuza kuwa ngoma yao wenyewe, yenye vyeo, sare na mashindano. Vikundi vya Marini na Arinoti vilienea katika miji ya Tanganyika chini ya Wajerumani, na Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilipozuka, askari na wapagazi waliichukua beni kokote walikopelekwa. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilitoka Nyasaland likaingia Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, kisha likafika Iringa. Wapagazi walikufa kwa wingi kwa maradhi na uchovu. Waliosalia walirudi makwao na miguu iliyozoea kwata na masikio yaliyojaa sauti ya shaba, lakini tarumbeta zenyewe hawakuwa nazo.

Walifanya nini? Katika nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa walichukua kibuyu, wakakitoboa tundu, wakaliziba kwa utando wa buibui, wakaimbia ndani yake. Ikapatikana sauti nene yenye mkwaruzo, kama ya tarumbeta. Wakajipanga mistari, wakapeana vyeo, wakacheza. Ndiyo ngoma ijulikanayo kama malipenga au mganda, na kwa ndugu zetu wa Kyela mapenenga. Kwa maoni yetu hakuna somo la muziki linaloweza kumfaa mwanafunzi wa beni wa Mbeya kuliko hilo, nalo liko mlangoni pake. Watu waliokosa shaba hawakukaa kungoja bajeti. Walimu na wawapeleke vijana wao Kyela, au katika tamasha la ngoma za asili la Tukuyu, si kwa ajili ya kutazama mavazi, bali wasikilize jinsi vibuyu vikubwa na vidogo vinavyogawana kazi, na jinsi ngoma kubwa inavyowashikilia wote wasikimbie. Na mwanafunzi wa Unguja naye akisikia mapenenga, kisha akaifuata beni ya harusi mitaani mwetu, atatambua mara moja kwamba hawa ni ndugu wa ukoo mmoja waliopoteana.

Ipo pia njia nyingine ambayo kwayo shaba ilipanda milimani, nayo ni ya misheni. Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika madhehebu ambayo huko Ujerumani yalikuwa yakitumia tarumbeta katika ibada tangu karne ya 18. Sisi si wa dini hiyo. Lakini mwanafunzi, awe Mwislamu au Mkristo, akipata nafasi ya kusikia kikundi cha tarumbeta cha kanisa kikipiga polepole, kwa sauti nne zilizoshikana, atajifunza jambo ambalo paredi haiwezi kumfundisha: kupiga kwa sauti ndogo. Na ni haki kukumbusha kwamba huko Mbozi, ambako leo ni Mkoa wa Songwe, mmisionari Traugott Bachmann alifikia mahali pa kuona kuwa nyimbo za Wanyiha zinafaa kuingizwa kanisani, wakati wenzake wengi walidhani mahadhi ya Ulaya peke yake ndiyo yenye heshima.

Iringa nako kuna hazina ambayo tulipata kuionja tulipokuwa katika mafunzo ya vijana Ihemi. Usiku mmoja mzee wa Kihehe alikaribishwa na ligombo lake, ala ya ubao uliochongwa, yenye uzi unaopitishwa huku na huku, na kibuyu cha kuikuza sauti. Vijana waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza mmoja baada ya mwingine, kwani sauti ya ligombo ni ndogo na anayetaka kuisikia hana budi kunyamaza. Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, aliihifadhi ala hiyo, na rekodi zake zimo katika maktaba ya muziki aliyoiasisi Afrika Kusini mwaka 1954. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wa Iringa akitaka kusikia ligombo la babu zake, mara nyingi ni rahisi zaidi kulipata katika sahani iliyotolewa ng'ambo kuliko katika skuli yake.

Wala jambo la kuileta ngoma skulini si geni huko. Katika skuli ya Malangali, iliyoanzishwa mwaka 1928 mahali ambapo leo ni Wilaya ya Mufindi, mkuu wake Mwingereza, W. Bryant Mumford, aliwaalika wazee wafundishe mila, na ngoma za wenyeji zikachezwa humo. Shabaha ya mkoloni tunaitilia shaka hadi leo, kwani elimu ya mila ilipotolewa badala ya elimu ya kumwezesha mtu kujitawala ilikuwa ni kamba ya hariri. Lakini baada ya Uhuru hatuna tena kisingizio hicho. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi walijivunia kucheza dansi za Wazungu na hawakuzijua ngoma zao, akazitaja baadhi yake kwa majina, lelemama yetu ya pwani ikiwamo. Zaidi ya miaka 60 imepita. Beni za skuli zimeongezeka, na kilio kile bado kina mahali pa kuliliwa.

Tusije tukaeleweka kwamba tunataka mtoto asikilize ngoma za kale peke yake. Mpiga tarumbeta anayetaka kujua jinsi ala za kupuliza zinavyozungumza na magitaa hana budi kuzisikiliza bendi za dansi za Dar es Salaam. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, ilikuwa na safu ya tarumbeta na saksafoni iliyoingia pale mwimbaji anaponyamaza, ikasema neno lake kwa ufupi, ikaondoka. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukua jina la Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo, na wapulizaji wake walikuwa mafundi wa kungoja zamu. Kungoja zamu ni nusu ya kazi ya beni. Na vijana wa Iringa wasisahau kwamba katika miaka ya 1980 mji wao ulikuwa na Tancut Almasi, bendi iliyolelewa na kiwanda cha kukatia almasi, iliyosikika redioni nchi nzima. Tuliwauliza wanafunzi kadhaa wa mji huo juu ya bendi hiyo. Hakuna aliyelijua jina.

Kutoka Visiwani tunapendekeza kitu kimoja tu, ingawa tungeweza kujaza ukurasa. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ina desturi ya kupiga bashrafu, yaani muziki wa ala tupu usio na mwimbaji. Wengi wanaifahamu taarab kwa maneno yake na mafumbo yake, na hapana shaka Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, ndiye aliyeyapa maneno hayo ufalme. Lakini mwanafunzi wa beni asikilize bashrafu. Fidla, ganuni, udi na nai hushika mahadhi mamoja, kila ala ikiyapamba kwa tabia yake, na hakuna inayoipita nyingine. Kijana wa Tukuyu aliyezoea sauti nne za kanisa atashangaa kuona kuwa uzuri unaweza pia kupatikana kwa wote kwenda njia moja.

Tumebakiza onyesho ambalo, lau tungeruhusiwa kuchagua moja tu kwa ajili ya kijana yule wa Mbeya, tungelichagua hilo. Hugh Masekela, aliyefariki dunia mwaka 2018, alikuwa mwanafunzi wa skuli Johannesburg alipotazama sinema juu ya maisha ya mpiga tarumbeta, na sauti aliyoisikia mle ikamnyima usingizi. Alimwomba padri wa skuli yao, Trevor Huddleston, amnunulie tarumbeta. Akaipata akiwa na umri wa miaka 14, na fundi wa beni ya manispaa akaitwa kumfundisha. Mwaka 1956 Louis Armstrong, gwiji wa Marekani, aliwapelekea vijana wale tarumbeta yake mwenyewe. Msomaji azingatie mpangilio wa mambo hayo: sikio lilitangulia, ala ikafuata. Na Huddleston huyo ndiye aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi, hapa kwetu, kuanzia mwaka 1960 hadi 1968.

Masekela alitoa wimbo uitwao Stimela mwaka 1974, unaohusu treni iliyowachukua wanaume wa Kusini na Kati ya Afrika kwenda kuchimba madini ya Johannesburg. Yapo matoleo mengi. Linalofaa ni lile alilolipiga mbele ya watu mjini Washington mwaka 1993, likatolewa mwaka uliofuata katika sahani yake ya Hope. Humo hutumia flugelihoni, ndugu mnene wa tarumbeta, na huiga mluzi wa treni kwa kinywa chake mwenyewe. Huanza kwa maneno ya chini, karibu na kunong'ona, na huchukua muda mrefu kabla ya kuipandisha sauti. Watoto wa Mbeya wanaijua treni, wanaisikia ya TAZARA. Na wapo wazee wa Rungwe na Kyela ambao baba zao walikwenda migodi hiyo kwa mikataba ya Wenela, wengine wasirudi. Kijana akiusikiliza wimbo huo nyumbani, huenda babu yake akamsimulia mambo ambayo hajapata kumsimulia mtu.

Kwa wale wanaosema kwamba hatuna vifaa, tunawaelekeza Kinshasa, ambako Okestra ya Wakimbangu ilianzishwa mwaka 1994 na watu ambao wengi wao hawakuwa na ala wala mwalimu, na ambako waya wa breki ya baiskeli ulipata kutumika kuwa uzi wa fidla. Filamu juu yao ilitolewa mwaka 2010. Nayo ionyeshwe skulini.

Tumekwisha kusikia pingamizi za aina mbili. Ya kwanza inasema vijana wa leo wana simu na wanasikiliza wanachokitaka. Ni kweli, nao hutaka kile walichokwisha kukisikia. Hatuna ugomvi na bongo fleva, na tumeona beni ya skuli moja ikiipiga vizuri sana. Lakini mtu hawezi kutamani chakula ambacho hajui kwamba kipo, na kazi ya skuli ni kumwonyesha kwamba kipo. Ya pili ni ya baadhi ya maofisa, ambao hutuambia kwamba fedha zinatolewa kwa vitu vinavyoonekana. Tarumbeta mpya inaonekana, hupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Saa moja ya kusikiliza haipigwi picha. Ndugu hao tunawauliza: je, tarumbeta ngapi zilizokabidhiwa kwa picha ziko ghalani sasa hivi, vali zake zimekauka, na ufunguo anao nani?

Tunayoyaomba si makubwa. Kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, za ngoma za mikoani, za bendi za dansi na za taarab, ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji, na ni mali ya umma. Zichaguliwe chache, zinakiliwe, na haki za wasanii ziangaliwe na COSOTA na wenzao wa COSOZA, kisha zipelekwe katika skuli zenye beni, Bara na Visiwani. Spika moja na flashi moja havifikii bei ya ngoma kubwa. Kila juma itengwe saa moja ambayo hakuna anayegusa ala. Wimbo mmoja usikilizwe mara tatu: mara ya kwanza wote, mara ya pili kila mtu aifuate ngoma kubwa peke yake, mara ya tatu aifuate sauti ya pili, ile ambayo huwa haisifiwi. Kisha waulizwe wamesikia nini. Tumelijaribu jambo hilo na vijana kumi na wawili wa tawi letu, na mabishano yalidumu hadi Magharibi.

Na kwa Mbeya na Iringa tuna ombi la ziada. Kila mwaka tarehe 8 Agosti wakulima wa Nyanda za Juu Kusini hukusanyika katika viwanja vya John Mwakangale, Uyole, na beni za skuli huitwa kuwapokea wageni. Mwaka huu zifike siku moja kabla. Wachezaji wa mapenenga waletwe kutoka Kyela, mzee mmoja wa ligombo kutoka Iringa, na JKT, ambalo lina vikosi Mafinga na Itende, liombwe kuleta wapigaji wake. Watoto wakae chini kivulini, ala zao zikiwa kwenye mifuko, na wakubwa ndio wawapigie. Barua ya kuomba hayo ni ya ukurasa mmoja, na Ofisa Utamaduni wa Mkoa anaweza kuiandika kesho asubuhi.